Mwenye Kisu Kikali: Mjadala wa Vyuo Vinavyofuta Michezo

Watu watano wanaozungumza hapa ni wa kubuni, lakini vyuo wanavyovitaja kwa jina, pamoja na miaka na hela zake, ni vya kweli. Tumewakutanisha Eldoret mwezi wa Desemba 2025, wakati vijana wanaosoma Marekani kwa nguvu za miguu yao wanaporudi likizo na mabegi yenye nembo za vyuo. Mwenye nyumba ni MAMA, ambaye mtoto wake yuko mwaka wa tatu huko kwa ufadhili wa riadha. BINTI mwenyewe yupo. MHASIBU ni kaka yake Mama, aliyefanya kazi katika ofisi ya fedha ya chuo kikuu kimoja cha Marekani kabla ya kurejea nyumbani. Wageni ni KOCHA wa vijana wa Iten, na MWALIMU mstaafu kutoka Arusha, ambaye kwa umri wake amepewa uenyekiti bila kura. Birika la chai liko mezani. Mada ni hii: Chuo kikuu kilichobanwa na bajeti kina haki ya kufuta timu zisizojilipia.

MWALIMU: Kabla hatujarushiana hoja, aanze Binti. Sisi wengine tuna ya kusikia, yeye ana ya kuona.

BINTI: Ahsante, Mwalimu. Chuo chetu kilikuwa na timu mbili za mbio za nyika, ya wanaume na ya wanawake. Kocha mmoja, basi moja, njia moja ya mazoezi msituni. Asubuhi moja wanaume wakaitwa kwenye chumba cha mikutano. Tulidhani ni mambo ya safari. Haikupita hata robo saa wakatoka. Mkurugenzi wa michezo alikuwa amewasomea karatasi: timu ya wanaume inafungwa mwisho wa mwaka wa masomo; anayetaka kubaki asome, ufadhili wake utaendelea; anayetaka kuhama, ruhusa ipo. Jioni nikamkuta mmoja wao, kijana wa Kapsabet, amekaa sakafuni mbele ya kabati lake, kiatu cha spaiki kiko mapajani. Ana ule ufunguo mdogo, anauzungusha, anang'oa spaiki moja moja na kuidondosha kwenye kikombe cha plastiki. Nikamuuliza, mbona unaking'oa meno? Akaniambia: "Spaiki walinunua wao. Kiatu nilikuja nacho."

MAMA: Na wewe ukabakizwa.

BINTI: Nikabakizwa. Wala si kwamba ninakimbia kuwashinda. Mjomba ataeleza.

MHASIBU: Nitaeleza, ila msinichukie kwa ajili ya tarakimu. Timu ya chuo huko si kama timu ya chuo hapa kwetu, watoto wakikusanywa wiki moja kabla ya mashindano na kupewa jezi za kurudisha. Ni idara nzima: makocha wa kudumu, madaktari, ndege, hoteli, ufadhili. Na idara hiyo mara nyingi inakula kuliko inavyovuna. Mwaka 2019, kati ya vyuo kama 130 vya ngazi ya juu ya futiboli ya Marekani, ile ya helmeti, ni 25 tu ambavyo idara zao za michezo ziliingiza zaidi ya zilivyotumia. Vingine vyote pengo lao lilizibwa na chuo chenyewe: pesa za hazina ya chuo, na tozo anayokatwa kila mwanafunzi, hata asiyejua uwanja uko upande gani. Viko vyuo ambavyo tozo hiyo inapita dola 1,000 kwa mwaka. Sasa, Kocha, nikuulize: mtoto wa kibarua anayesomea uuguzi kwa mkopo ana deni gani kwa timu ya kupiga makasia?

KOCHA: Hana deni. Lakini nami nikuulize. Novemba 2023, Texas A&M walimfukuza kocha wao wa futiboli, Jimbo Fisher. Mkataba ukawabana wamlipe zaidi ya dola milioni 75 asifanye kazi. Umenisikia? Asifanye kazi. Nasikia habari za bajeti kubana, lakini naona inabana kiatu cha mtu mmoja tu.

MHASIBU: Hicho ni chuo kimoja, na mfuko wake unajazwa na futiboli na wafadhili wake.

KOCHA: Sawa, twende kwa kingine, na ni tajiri vilevile. Julai 2020, Stanford walitangaza kufuta michezo 11 kati ya 36: vitara vya wanaume na wanawake, mieleka, magongo, skwoshi, voliboli ya wanaume, mashua za tanga, makasia na mengineyo. Wanamichezo zaidi ya 240 wakapewa habari hiyo kwa mkutano wa video, kila mmoja yuko kwao kwa sababu ya korona.

MHASIBU: Na sababu walizitoa. Hata kabla ya korona, idara ilikuwa inaelekea kwenye nakisi ya zaidi ya dola milioni 12 kwa mwaka. Wakasema ili michezo hiyo 11 ijitegemee daima, ungehitajika mfuko wa zaidi ya dola milioni 200. Huwezi kumlaumu mtu anayepiga hesabu yake hadharani.

KOCHA: Subiri, hadithi haijaisha. Machi 2021, mashindano ya kitaifa ya mieleka ya vyuo, St. Louis. Anaingia ulingoni kijana wa Stanford, Shane Griffith, uzito wa ratili 165. Amevaa vazi jeusi tupu. Halina jina la chuo, halina nembo. Chuo kimeshasema hakimtaki, naye amekubali asikibebe kifuani. Akapigana mpaka fainali, akashinda, akawa bingwa wa nchi akiwa na nguo isiyo na mwenyewe. Miezi miwili baadaye, tarehe 18 Mei 2021, Stanford wakatangaza kwamba michezo yote 11 inabaki. Nikuulize tena, Mhasibu: zile milioni 200 zilianguka kutoka mbinguni?

MHASIBU: Zilianguka kutoka mifukoni mwa wahitimu wa Stanford, na kulikuwa na kesi mahakamani pia. Lakini hapo umenisaidia mimi, hukujisaidia wewe. Tazama timu zilizookoka ni zipi. Bowling Green, Ohio, walifuta besiboli Mei 2020. Wachezaji wa zamani wakaahidi dola milioni 1.5, timu ikarudi baada ya wiki chache. Iowa, Agosti 2020, walifuta timu nne: kuogelea kwa wanaume na kwa wanawake, tenisi ya wanaume na jimnastiki ya wanaume. Wanawake wakaenda mahakamani, na Februari 2021 kuogelea kwao kukarudishwa. Zile tatu za wanaume hazikurudi. Kwa hiyo anayeokoka si anayependa mchezo zaidi. Anaokoka mwenye wazee wenye pesa, au mwenye sheria mkononi. Kijana wa Kapsabet hakuwa na kimoja.

MWALIMU: Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.

MHASIBU: Ndivyo ilivyo, Mwalimu. Mimi nasema tu tusijifanye kwamba mkataji ndiye mbaya peke yake.

MAMA: Hapo kwenye sheria, ndugu yangu, nieleze polepole. Kwa nini mtoto wangu kabaki na mtoto wa mwenzangu kaondolewa? Kila nikikutana na mama yake sokoni, sijui nianzie wapi.

MHASIBU: Dada, kuna sheria ya mwaka 1972, huko wanaiita Title IX. Inakataza chuo kinachopokea fedha za serikali kumbagua mtu kwa jinsia yake. Kwa upande wa michezo, njia ambayo vyuo vingi huitumia kuthibitisha kwamba havibagui ni uwiano: kama wanawake ni nusu ya wanafunzi, basi nafasi za michezo nazo zikaribie nusu. Tatizo ni futiboli. Ni timu ya wanaume wengi mno na haina mwenzake wa upande wa wanawake. Ukitaka mizani ikae sawa, ama uongeze timu za wanawake, ama upunguze za wanaume. Kuongeza kunakula pesa, kwa hiyo wengi hupunguza. Na futiboli haiguswi. Zinaguswa mieleka, jimnastiki, kuogelea, nyika.

BINTI: Naomba nijibu hapo, kwa sababu neno hilo nimeambiwa usoni. Kijana mmoja wa timu iliyofungwa aliniambia, "Ninyi wasichana ndio mliotuondoa." Nilinyamaza siku ile, leo sinyamazi. Sheria hiyo haikuandika popote kwamba timu fulani ifutwe. Ilisema tu kilichopo kigawanywe kwa haki. Nani aliyeamua kwamba futiboli iwe na watu 105? Timu ya kulipwa ya NFL, watu wanaoishi kwa mchezo huo, ina wachezaji 53. Chuo kinahitaji wangapi? Ukiondoa thelathini kati ya wale, wengine hawachezi hata dakika moja msimu mzima, umepata nafasi za timu nzima ya nyika ya wanaume na chenji inabaki. Lakini hakuna anayethubutu kwenda kumwambia kocha wa futiboli. Ni rahisi kuniambia mimi.

KOCHA: Umesema, binti yangu. Na bila sheria hiyo tusingemwona Sally Kipyego akibeba mataji tisa ya vyuo pale Texas Tech, kisha medali ya fedha ya mita 10,000, Olimpiki ya London 2012.

MWALIMU: Tusogee mbele. Nasikia mwaka huu wa 2025 mambo yamebadilika zaidi.

MHASIBU: Yamebadilika kweli. Tarehe 6 Juni 2025, Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi iliyofunguliwa na wanamichezo dhidi ya chama cha michezo ya vyuo, NCAA. Mambo makubwa ni matatu. Wanamichezo waliopita watalipwa fidia ya jumla ya dola bilioni 2.8 kwa miaka kumi. Kuanzia msimu huu wa 2025-26, kila chuo kilichokubali kinaweza kuwagawia wanamichezo wake moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka huu wa kwanza. Na kila timu imewekewa kikomo cha idadi: futiboli 105, nyika 17.

MAMA: Sasa kulipwa kwa watoto kuna ubaya gani? Waliojaza viwanja miaka yote hiyo si wao?

KOCHA: Hakuna ubaya, Mama. Hapo siwezi kubisha. Aliyetoka jasho alipwe.

MHASIBU: Hakuna ubaya, lakini kuna swali: milioni 20 hizo zinatoka wapi? Mapato hayakuongezeka siku ile hakimu alipotia saini. Zinatoka mlemle ndani. Na zinakwenda wapi? Sehemu kubwa kwa futiboli, kisha mpira wa kikapu wa wanaume, maana ndio wanaovuta televisheni. Kwa hiyo mrushaji tufe anamlipia mcheza futiboli, bila kuulizwa.

BINTI: Na sisi wa viza ya mwanafunzi hata hicho kidogo hatuwezi kukigusa hivi hivi. Viza yangu hainiruhusu kufanya kazi ovyo. Mwenzangu Mmarekani akivaa viatu vya kampuni na kupiga picha, analipwa. Mimi nikifanya hivyo nikiwa huko, naweza kuhatarisha viza yenyewe. Tunakimbia hatua moja, ila mifuko si sawa.

KOCHA: Mniruhusu niwape kisa kimoja, maana kinanikera na kunichekesha kwa pamoja. Kuna chuo kinaitwa Washington State, mji wa Pullman. Hapo ndipo alipokuwa Samson Kimobwa, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977. Hapo ndipo alipokuwa Henry Rono. Mwaka 1978, akiwa bado mwanafunzi, Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Siku 81! Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake wala baada yake. Chuo kikajulikana duniani kwa miguu ya mtu wa Nandi.

MWALIMU: Nakumbuka. Redio ilikuwa haituachi tulale.

KOCHA: Haya. Juni 2025 chuo kilekile kikatangaza kwamba kinaachana na mashindano ya kurusha na kuruka, na mbio fupi na viunzi vinapunguzwa. Riadha inabaki kuwa ya mbio ndefu.

MHASIBU: Na sababu inaeleweka. Ligi yao, Pac-12, ilisambaratika. Vyuo kumi kati ya kumi na viwili viliondoka mwaka 2024 kufuata pesa za televisheni kwingine, vikabaki Washington State na Oregon State. Fedha zikapungua ghafla. Lakini Kocha, hapo wewe ungeshangilia. Walichobakiza ndicho hasa mnachokiuza ninyi wa Iten.

KOCHA: Ndiyo maana nikasema kinanichekesha na kunikera. Vijana wangu wawili walinipigia simu siku hiyo wakifurahi. Nikawaambia, msifurahie moto ulioishia kwa jirani. Mwenye kisu amekata mkuki, amekata tufe, amekata kuruka. Sisi ametubakiza kwa sababu mbio ndefu ni rahisi: hazihitaji wavu, hazihitaji godoro, unahitaji viatu na barabara. Ametuacha kwa bei yetu. Na nafasi zikishakuwa chache, mzazi wa Kimarekani ataanza kuuliza kwa nini wapewe wageni.

MWALIMU: Neno hilo si jipya. Mtanzania wetu Suleiman Nyambui alilisikia pale chuoni El Paso, Texas. Alitwaa ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na katikati yake akarudi na medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow. Wapo waliosema vyuo vinaokota watu wazima kutoka Afrika badala ya kulea watoto wao. Neno lile halikuwaondoa, kwa kuwa nafasi zilikuwa nyingi. Leo nafasi ni 17.

MAMA: Nimesikiliza muda mrefu. Niulize swali la mtu asiyejua hesabu za vyuo. Hiyo timu ya wanaume iliyofungwa, chuo kiliokoa shilingi ngapi?

MHASIBU: Hilo, dada, ndilo swali ambalo ofisini tulilijibu mlango ukiwa umefungwa. Niseme kweli: timu ndogo si mzigo kama inavyoandikwa. Kabla ya mabadiliko ya mwaka huu, timu ya kuogelea ya wanaume ya daraja la kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili 9.9 tu. Riadha ya wanaume pamoja na nyika, 12.6. Lakini vijana timuni ni thelathini, arobaini. Kocha anagawa kama mtu anayegawa ugali mdogo: huyu nusu ya ada, huyu robo, huyu vitabu, huyu hana kitu. Kinachobaki analipa mzazi. Sasa ukifuta timu, daftari la idara ya michezo linaonyesha umeokoa mshahara wa kocha, nauli na ufadhili. Safi. Lakini ada za wale vijana hazikuwa zikiingia kwenye daftari la idara ya michezo. Zilikuwa zikiingia kwenye daftari la chuo. Kijana akihama kufuata mchezo wake, idara imeokoa, chuo kimepoteza. Ndiyo maana vyuo vidogo vingi vya Marekani, vinavyohangaika kujaza mabweni, hufanya kinyume kabisa: vinaanzisha timu mpya. Kila mchezaji wa timu ndogo ni mwanafunzi anayelipa.

MWALIMU: Kwa hiyo kuna madaftari mawili.

MHASIBU: Mawili, Mwalimu. Na anayekata hufungua moja.

KOCHA: Mhasibu, umebadili upande?

MHASIBU: Sijabadili. Ziko timu ambazo hata ukifungua madaftari yote mawili bado zinakula kuliko zinavyoleta, na chuo kina haki ya kuzifuta, kama kinavyofuta kozi isiyo na wanafunzi. Ninachokataa ni kukata kwa daftari moja kisha kuita hiyo ni hesabu. Hiyo ni kuchagua nani aumie.

MAMA: Basi mimi nina daftari la tatu. Liko nyuma ya kalenda jikoni. Ada ya viza dola 185. Ada ya kusajiliwa kwa wanafunzi wa kigeni dola 350. Nauli ya kwenda Nairobi kwa usaili, mara mbili, kwa sababu ya kwanza walitaka karatasi iliyokuwa haipo. Nikauza ng'ombe wawili, mmoja ana mimba. Huyu mtoto hakukimbilia medali, amekimbilia shahada. Kwenye barua waliyotuletea waliandika "ufadhili wa mwaka mmoja, unaoweza kuongezwa". Mimi nilisoma "ufadhili". Hayo maneno mengine niliyasoma siku timu ya wanaume ilipofungwa.

(Kimya kifupi. Binti anamwongezea mama yake chai.)

MWALIMU: Naomba nitoke kitini kidogo, niseme kama Mtanzania. Tunazungumza kama watu waliofungiwa mlango wa nyumba yao. Ile si nyumba yetu. Mwaka 1988 kule Seoul, Wakenya wawili walishinda dhahabu za Olimpiki wakiwa wanafunzi wa Marekani: Paul Ereng wa Chuo Kikuu cha Virginia mita 800, na Peter Rono wa Mount St. Mary's mita 1,500. Tulishangilia bendera. Hatukujiuliza kiwanja cha mazoezi ni cha nani. Kwetu nani analea wanariadha? Majeshi. Filbert Bayi alikuwa mwanajeshi, Juma Ikangaa vilevile. Alphonce Simbu, aliyetuletea ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo Septemba 2025, ni wa JWTZ. Hapa Kenya ni polisi, jeshi, magereza. Tunayashukuru. Lakini ina maana kijana wa Afrika Mashariki anayetaka kukimbia na kusoma kwa pamoja amewekewa njia panda: avae sare, au apande ndege. Wao wanakata nguo iliyozidi. Sisi hatuna cha kukata, maana hatukuwahi kushona.

KOCHA: Mwalimu, usituletee yale ya viwanja vya milioni mia. Vyuo vyetu vya umma vinadaiwa mpaka mishahara. Utaanzaje kudai timu?

MWALIMU: Sitaki uwanja. Kijana wa Iten anahitaji nini ili abaki nyumbani? Mjibu wewe, wewe ndiye kocha.

KOCHA: (anafikiri) Barabara ipo. Hewa ipo, watu wa Ulaya wanailipia. Wenzake wa kukimbia nao wapo, wazuri kuliko wa Marekani. Anachokosa ni chakula cha uhakika, na mhadhiri atakayemruhusu afanye mtihani Jumanne badala ya Jumamosi ya mashindano. Na ada.

MHASIBU: Hiyo naweza kuibajeti. Moi na Chuo Kikuu cha Eldoret viko hapa hapa. Vijana ishirini, ada, chakula, kocha mmoja wa kudumu. Ni sehemu ndogo sana ya gharama ya timu ya Marekani, kwa sababu kitu cha ghali kule, yaani mahali pa kukimbilia na watu wa kukimbia nao, hapa ni bure.

BINTI: Mimi ningebaki. Naona Mama anashangaa, lakini ningebaki. Shahada ningeipata, na nyumbani ningekuwa karibu. Nilikwenda kwa sababu nilipomaliza kidato cha nne hakuna chuo cha hapa kilichonipigia simu. Kile cha Marekani kilinipigia mara tatu.

MWALIMU: Nimesikia. Sasa narudi kitini nitoe uamuzi, chai isije ikapoa.

Mada inasema chuo kilichobanwa kina haki ya kufuta timu zisizojilipia. Kwa maneno hayo, mada imeanguka. Haki ya kufuta ipo, Mhasibu amenishawishi. Tozo ya mwanafunzi maskini si kisima. Lakini haki hiyo ina masharti matatu. Kwanza, chuo kifungue madaftari yote mawili, la michezo na la chuo, mbele ya wanafunzi wenyewe. Pili, kitangaze mwaka mzima kabla, ili timu ipewe nafasi ya kujitafutia, kama besiboli ya Bowling Green ilivyojitafutia. Robo saa kwenye chumba cha mikutano si taarifa, ni kufukuza. Tatu, kisu kianze juu. Chuo kinachomlipa kocha mamilioni akae nyumbani, au kinachoweka wanaume 105 kwenye mchezo wa watu kumi na mmoja uwanjani, hakina mdomo wa kusema hakina pesa za timu ya nyika. Pesa kinazo. Kimekwisha amua ziende wapi.

Upande wa kwetu, vyuo vya Kenya na Tanzania vianze na vijana ishirini aliowabajeti Mhasibu. Ombi hilo si la medali. Ni la simu: kijana akimaliza kidato cha nne au cha sita na muda wake mzuri, apigiwe kwanza kutoka karibu.

Na kwako, Mama, na wazazi wote wenye barua mezani, kabla ya kutia saini ulizeni mambo manne, na mjibiwe kwa maandishi. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au ni mpaka shahada? Timu ikifungwa, au mtoto akiumia, ada inaendelea? Timu ina wakimbiaji wangapi, na mtoto wangu ni wa ngapi katika hao 17? Na la nne: katika miaka mitano iliyopita, chuo hiki kimefuta timu gani?

MAMA: Na wasipojibu?

MWALIMU: Usiuze ng'ombe.